Bonge la Zege Chini ya Kitanda

Jumatatu, 3 Machi

Leo siku ya ishirini na tatu tangu nitoke nyumbani. Mara ya kwanza tulitoka wawili, mimi na mdogo wangu, na mabegi mawili. Mara hii peke yangu, begi moja. Mama alinisindikiza hadi njia panda akaniuliza nafuata nini huko tena. Nikasema kazi. Mama si mtoto. Akasema kazi iko hata hapa. Nikapanda gari.

Daftari hili nimelinunua kwa sababu kichwa kimejaa na watu wa hapa wana masikio. Mimi niliishia darasa la sita, lakini mwandiko wangu unasomeka kuliko wa karani wetu. Ndiyo maana kazini wananiita Mwalimu.

Nimekuja kumtafuta Kofia Nyeupe. Naandika hapa nisije nikajidanganya baadaye kwamba nilikuja kwa jambo jingine.

Nimempata. Wala hakujificha. Kampuni ileile, gari lilelile, kofia ileile ngumu, safi kama sahani ya wageni. Alisimamia ujenzi wa ukuta wa bahari, ukuta ukaanguka, sasa anasimamia kuondoa kifusi chake. Nilipanga foleni asubuhi na vibarua wengine. Akanikagua. "Wewe nakujua. Mkono wako mzuri. Chukua nyundo."

Nimechukua nyundo.

Jumatano, 5 Machi

Kuponda zege kutwa nzima. Mabega yanawaka.

Ukuta ulikuwa na vipande ishirini na vinne, kila kimoja na namba ya rangi nyekundu. Sita vya kwanza bado vimesimama. Vingine vyote vimelala chali upande wa mji, juu ya mtaa wa chini. Amri ni kuviponda upesi na kupakia kwenye lori. Kifusi kinapandishwa uwandani, huko juu kilimani, kutandikwa barabara.

Nilimuuliza Kijiko, kibarua mwenzangu, barabara hiyo inakwenda wapi. Kijiko anaitwa hivyo kwa sababu hatembei bila kijiko mfukoni. Anasema chakula hakipigi hodi.

"Inakwenda mji mpya," akasema.

"Kwani imeshaamuliwa kuhama?"

"Bado. Kamati inakaa tarehe kumi na saba. Lakini barabara haijui kusoma."

Hilo ndilo jambo la mji mzima sasa. Wajenge upya palepale, na ukuta mwingine, au wahamie juu. Kwa kinyozi wanabishana. Kwenye bomba la maji wanabishana. Leo wanaume wawili walishikana mashati mbele ya duka la dawa, mmoja akisema bahari ina wenyewe, mwingine akisema hata kaburi la baba lina wenyewe.

Mimi sina mji hapa. Nina mtu mmoja tu wa kumlipiza.

Alhamisi, 6 Machi

Niandike jinsi ilivyokuwa, angalau mara moja, kwa mpangilio.

Vile vipande sita vya kwanza tulimwaga mkaguzi akiwa amesimama hapo. Saruji kamili, mchanga wa mto, maji ya bomba. Mkaguzi akachoka na jua, akawa anakuja mara moja kwa wiki kuchukua mitihani. Mitihani ndivyo tulivyoliita lile zege la kupimia: unajaza boksi dogo la chuma, unasindilia, unaacha ligande, linapelekwa maabara likavunjwe waone nguvu yake.

Kuanzia kipande cha saba Kofia Nyeupe akasema mchanga wa mto uko mbali. Tukachota wa pwani, na chumvi yake, na makombe yake. Saruji ikapungua. Mifuko iliyobaki ikalala stoo. Lakini mitihani ilipikwa jiko lake: stoo, saruji kamili, mchanga safi. Na mpishi wake nilikuwa mimi. Nilichaguliwa kwa sababu ya mkono wangu mzuri. Mitihani yangu haikufeli hata mmoja.

Mdogo wangu alikuwa anasukuma toroli. Siku moja akaniuliza, "Kaka, kwa nini mitihani inapikwa jiko tofauti?" Nikamwambia asukume toroli.

Siku ya mafuriko, mwezi wa kumi na moja, mimi nilikuwa juu na lori la kokoto. Maji yalipoanza kuchafuka mchana, Kofia Nyeupe alimwambia mdogo wangu akae stoo alinde ile saruji isilowe. Akamwambia maji hayafiki. Stoo ilikuwa nyuma ya kipande cha kumi na nne.

Wahenga wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulijenga ukuta ufa ukiwa ndani tayari.

Tulimpata siku ya tatu. Basi. Hapo siendelei.

Ijumaa, 7 Machi

Leo ningeweza.

Tulikuwa tunavuta bonge kubwa kwa kamba na puli, mimi nimeshika mwisho wa kamba, bonge liko juu kama mita tatu. Kofia Nyeupe akaja na simu yake, akasimama chini yake. Chini yake kabisa! Anaongea na mtu kuhusu matairi. Wenzangu wote walikuwa wanatazama lori. Ilikuwa kufungua vidole tu. Na ingeitwa ajali, maana hapa ajali ni nyingi na hakuna anayeuliza.

Nikaanza kulegeza. Kidole kimoja. Naandika kweli.

Akakata simu, akaniona, akatabasamu. "Mwalimu! Si ulikuwa na mdogo wako hapa, yule mcheshi wa toroli? Yuko wapi siku hizi?"

Hakuwa ananikejeli. Nilimtazama usoni. Hajui. Walimletea orodha ya waliokufa na alitia sahihi, na hajui.

Nikasema, "Yuko nyumbani."

"Mwambie aje. Kazi ipo." Akaondoka.

Nilishusha bonge polepole. Kijiko akaniuliza kama nina homa. Si huruma. Mtu asije akafikiri hivyo. Ni kwamba angekufa bila kujua ni kwa ajili ya nani. Ingekuwa zawadi. Nataka ajue. Nataka akae mbele ya watu asikie jina la mdogo wangu likisomwa, kisha ajue.

Jioni nilichukua bonge moja dogo, la ukubwa wa kichwa, kutoka kipande cha kumi na nne. Nimelifunga kwenye mfuko wa saruji, nimelipitisha getini chini ya nguo chafu. Sasa liko chini ya kitanda. Nimelikwangua kwa kijiko, kijiko tu cha chai. Linamomonyoka kama mkate wa juzi. Kuna kombe zima limekaa ndani yake, jeupe, kama jicho. Nimeramba kidole. Chumvi.

Jumapili, 9 Machi

Hakuna kazi. Nimefua.

Nimepanga chumba kwa mama mmoja mjane, mtaa wa chini, nyumba ya vyumba vitatu na dari ya mbao. Ukuta wake bado una mstari wa tope juu ya kichwa changu. Amesafisha kila kitu isipokuwa mstari huo. Anasema akiufuta watamwambia hayakutokea.

Leo amenionyesha mwimo wa mlango wa sebuleni. Upande wa kushoto kuna alama za penseli, urefu wa watoto wake, kisha wajukuu, kila mwaka. Upande wa kulia kuna alama za mkaa: maji. Yalipofika kila yalipoingia, tangu alipoolewa. Ya kwanza iko kwenye kifundo cha mguu. Kisha goti. Kisha kiuno. Nyingi ni za zamani kabisa, kabla hata ya ukuta wetu. Ya mwezi wa kumi na moja inapita kichwa.

Akaigonga kwa kidole. "Huyu ndiye mwanangu anayekula vizuri."

Akacheka mwenyewe. Mimi nilichelewa kucheka.

Nikamuuliza, kwa hiyo atahama? Akaniangalia kama nimemwomba meno yake. Amezalia watoto wanne chumba hiki ninacholala. Anasema hawa wanaotaka kuwahamisha wanataka ufukwe, wajenge mahoteli. Watu wa mtaa wameandika bango, HATUHAMI, yeye ndiye aliyetoa shuka. "Watujengee ukuta wa kweli, mwanangu. Ule ulikuwa biskuti."

Nusura nimwambie aliyeoka biskuti amelala chumba cha nyuma.

Jumanne, 11 Machi

Mhandisi wa kamati amefika. Binti mdogo tu, buti kubwa, anatembea kama anayehesabu hatua. Ana mashine ya kutoboa zege: inazunguka inatoa kigogo cha duara, kirefu kama chupa ya chai, kinakwenda kupimwa. Kijiko alimwita "mtoto mzuri". Binti akamkabidhi betri ya mashine, kilo thelathini, akamwambia, "Shika, baba mzuri." Tulicheka hadi mapumziko.

Kofia Nyeupe alimlaki kwa mikono miwili. Akamwonyesha pa kutoboa: kipande cha pili, cha nne, cha tano. "Hivi ndivyo vimesimama, mhandisi. Vilivyoanguka vina nyufa za kuanguka, vitakudanganya." Ameongea vizuri. Mimi mwenyewe ningeamini.

Nimeelewa sasa haraka ya kuponda. Namaliza ushahidi wa wizi wake kwa nyundo yangu mwenyewe. Kipande cha kumi na nne kimebaki kama kitanda cha futi sita. Kesho tutakimaliza.

Vigogo vitatu vimetoka. Vizuri, vigumu, vinalia kama chungu ukivigonga. Kofia Nyeupe akavipigapiga kama mgongo wa mtoto. Nimesikia akimwambia binti kwamba ukuta haukuwa na kosa, bahari tu imeshinda, na mji wenye akili unahama.

Nilitema mate.

Jumatano, 12 Machi

Nimevunja mpini wa nyundo kwa makusudi. Mara mbili. Nimesema mti ni mbovu. Kipande cha kumi na nne bado kipo.

Ijumaa, 14 Machi

Mhandisi alihitaji mtu wa kumshikia fito ya kupimia. Nikajitolea kabla hajamaliza kusema. Tulizunguka mtaa wa chini asubuhi yote, mimi na fito, yeye na darubini yake ya miguu mitatu. Tulipofika kwa mama mwenye nyumba nikamwonyesha mwimo wa mlango. Alikaa chini sakafuni kuusoma. Alisoma muda mrefu, hakunywa hata chai aliyowekewa.

Tukiwa njiani nikamwambia. Nilisema yote bila kupumua: mchanga, saruji, mitihani, mpishi wa mitihani. Nikamwambia kuna bonge chini ya kitanda na kipande kimebaki cha kutoboa.

Hakushtuka. Akasema, "Nilishangaa. Vigogo vizuri hivi, na ukuta mzima umelala." Kisha akasema bonge halina mdomo. Mtu yeyote anaweza kuokota bonge popote. Anahitaji aliyelichanganya, asimame mbele ya kamati aseme ni mimi. "Unajua utakamatwa pia, kaka?"

Nikamwambia najua. Sijui kama nilijua.

Kisha akanieleza jambo ambalo sikulitaka. Alama ya mkaa ya mwezi wa kumi na moja iko juu kuliko ncha ya ukuta, shubiri nzima. Hata ukuta ungekuwa wa chuma, maji yangepita juu yake. Na ardhi ya mtaa wa chini inazama kidogo kidogo kila mwaka, na bahari inapanda. Ukuta wa kweli utawapa miaka, labda kumi. Halafu?

Nikasema kwa ukali, kwa hiyo mdogo wangu angekufa tu?

Alifikiri kwanza. Nilimpendea hilo. Akasema hapana. Maji yakipita juu ya ukuta yanajaza mtaa kwa saa moja, saa mbili. Mtu anapata muda wa kutafuta viatu, anapanda juu. Ukuta ukianguka haukupi muda.

Basi mambo ni mawili na yote kweli. Kofia Nyeupe amemuua. Na mji huu haufai kukaa hapa. Ningependa lingekuwa moja.

Mchana ametoboa kipande cha kumi na nne. Kofia Nyeupe alikuwa mjini kwa chakula. Kigogo kilitoka vipande vitatu na unga.

Jumamosi, 15 Machi

Kijiko amenifungua macho, au amenichoma, sijui. Anaendesha lori la kifusi siku mbili hizi. Anasema barabara yetu inapita kwenye uwanja uliozungushiwa waya, mkubwa, na mlinzi wa pale alimwambia mwenye uwanja ni bosi wenu. Kofia Nyeupe. Alinunua kabla ya mvua kukauka.

Basi ndiyo hesabu yake. Zege likionekana zuri, kosa ni la bahari, watu wanahama, anawauzia ardhi.

Furaha iliyonishika! Nikasema kumbe nikitoa siri ya zege nampiga mara mbili. Watu watasikia ukuta ulikuwa wizi, watasema tujengeeni wa kweli, hatuhami, na uwanja wake ataufugia mbuzi. Nilitembea nikipiga mluzi.

Nikafika nyumbani. Mjukuu mdogo wa mama mwenye nyumba alikuwa amesimama kwenye mwimo wa mlango, kisogo kimegusa mti, anapimwa. Alama yake mpya iko chini ya kiuno changu. Ng'ambo, upande wa kulia, alama ya mkaa inapita kichwa changu.

Mluzi ukaisha.

Nikisema la zege nikanyamaza la shubiri, namzika Kofia Nyeupe, na hawa pia, polepole. Nikisema yote mawili, watahama, na atashiba. Mwizi wa saruji atashiba kwa sababu mimi nimesema kweli. Nimelala kitandani nikikwangua bonge kwa kijiko. Nimebakiza kama nusu.

Adui yangu sikumchagulia watu wa kukaa nao. Nilitaka tuwe wawili tu, yeye na mimi.

Jumapili, 16 Machi

Kofia Nyeupe amekuja hadi mlangoni, mwenyewe! Amesikia kipande cha kumi na nne kimetobolewa. Hakuingia, kiatu chake hakipendi tope. Akaniita pembeni kwa upole. Anataka mnyapara kule juu, mtu mwenye mkono mzuri. Nyumba mia tatu zitajengwa. "Mlete na mdogo wako. Mtaishi hukohuko."

Nikamuuliza, "Mdogo wangu anaitwa nani, bosi?"

Akakunja uso. Akajaribu jina moja. Silo.

"Fikiri," nikamwambia. "Kesho utaambiwa."

Hiyo ilikuwa tamu. Sijala kitu kitamu hivyo tangu mwezi wa kumi na moja, na nimekesha kidogo nikiirudia mdomoni.

Baadaye nilimwambia mama mwenye nyumba. Yote. Nilidhani atalia au atanifukuza kwa habari ya mitihani. Alisikiliza hilo, akanisogezea chai. Nilipofika kwenye shubiri ndipo alipowaka.

"Sema wizi wao. Hilo la shubiri limekuhusu nini? Wewe una kwenu!"

Nikasema, mama, ni alama zako mwenyewe, kwa mkaa wako.

"Niliziweka nikumbuke tulivyopona. Sikuziweka unifukuzie nazo."

Akachukua kitambaa kibichi akaenda mlangoni. Nilidhani atazifuta. Alisimama nacho muda mrefu, maji yakidondoka sakafuni. Kisha akapangusa upande wa kushoto tu, vumbi juu ya alama za penseli, akarudi jikoni. Chai aliyonisogezea hakuiondoa.

Jumatatu, 17 Machi

Naandika kwenye benchi, nje ya ukumbi wa halmashauri. Bonge liko miguuni ndani ya mfuko. Mtaa wote wa chini uko ndani. Bango la HATUHAMI limetandazwa safu mbili, naliona mlango ukifunguliwa. Mhandisi amepita na vigogo vyake kwenye sanduku. Akaniinamia kichwa.

Mama mwenye nyumba tulikuja naye njia moja, yeye mbele, mimi nyuma. Mlangoni akaniambia tu, "Funga kifungo cha juu. Usisimame mbele ya watu kama mlevi." Akaingia. Ameweka mkoba wake kwenye kiti cha pembeni, mtu akija kukaa anamfukuza. Sijui ni kiti changu au ni cha mkoba.

Uamuzi wangu ni huu. Nitaanza na jina la mdogo wangu, lote, na la baba na la babu. Kisha mitihani na mpishi wake. Kisha uwanja wenye waya, na Kijiko amekubali kusimama nyuma yangu kwa hilo. Wasinunue hata hatua moja ya ardhi kwake. Kama ni kuhama, wahamie kwenye ardhi iliyonyang'anywa kutoka mkononi mwake. Hilo nilikosa kulifikiria juzi kwa sababu ya hasira. Kamati itakubali? Kamati ni watu, na yeye ana marafiki.

Shubiri nitaisema mwisho. Hapo watanizomea watu ninaowapenda, na yeye atatabasamu. Nimejaribu tangu alfajiri kutafuta njia ya kusema kweli bila yeye kupata tabasamu hilo. Sijaiona. Atabasamu hivyo akiwa amefungwa pingu, basi.

Amefika. Amepita mbele yangu, kofia mkononi, ukumbini haivaliwi. Ana kipara. Sikujua.

"Mwalimu, umebeba nini humo?"

"Mtihani, bosi."

Akacheka. Akatazama mfuko. Akaacha kucheka.

Askari wawili wamesimama kwa mlango wa pembeni. Mmoja ananitazama zaidi kuliko anavyomtazama yeye.

Asubuhi nilimtumia mama ujumbe, kwa simu ya Kijiko. Nimemwambia kazi inaisha leo, nitarudi Jumapili. Sikusema Jumapili ipi.

Wameita jina langu. Lile la kweli, si Mwalimu.